MAUAJI YA HESHIMA: HESHIMA YA NANI?



Mwezi huu mtukufu, utakapokuwa umekaa barazani ukingoja adhana ya magharibi, tende iko mkononi na harufu ya sambusa yatoka jikoni, kuna neno moja nataka tulifikirie pamoja. Neno lenyewe ni "heshima". Twalitumia kila siku. Twamwamkia mzee kwa heshima, twamsitiri mgeni kwa heshima, twawafundisha watoto heshima. Ni neno zuri. Lakini kuna miji na vijiji duniani ambako neno hili zuri limefanywa kisu, na shingo inayokatwa ni ya mwanamke.

Mauaji ya heshima ni nini? Ni pale baba, kaka, mjomba au mume anapomuua mwanamke wa nyumbani mwake kwa sababu yasemekana ameichafulia familia jina. Yasemekana alionekana na kijana. Yasemekana amekataa mume aliyechaguliwa. Yasemekana ataka talaka. Na mara nyingine, Subhanallah, amebakwa, kisha yeye aliyedhulumiwa ndiye anayeuawa! Mwaka 2000 shirika la Umoja wa Mataifa la UNFPA lilikadiria kuwa huenda wanawake 5,000 huuawa hivi kila mwaka. Idadi kamili haijulikani, manake wengi huzikwa kimya kimya na watu wakaambiwa ni ajali.

Wasio Waislamu hutuuliza: "Si ndiyo dini yenu hiyo?" Na sisi vijana, badala ya kujibu, twajikuna kichwa. Basi hebu tuirudie historia, tuone jambo hili lilitoka wapi, nani alilifungia mlango na nani aliufungua tena.

KABLA YA NURU KUINGIA

Waarabu wa zama za Jahiliya walikuwa na watu wao waliowazika mabinti wakiwa hai. Sababu zilikuwa mbili: kuogopa ufukara, na kuogopa aibu. Kabila likivamiwa, mabinti huchukuliwa mateka, na mateka ya binti ni fedheha kwa baba. Basi baadhi yao wakaona afadhali mtoto afe kabla hajaleta aibu. Zingatia hapo: hajafanya lolote, hata kutembea bado, lakini tayari ameshahukumiwa kwa maneno ambayo watu huenda wakayasema siku moja.

Qur'ani iliwasema watu hawa waziwazi. Katika Surat An-Nahl, aya ya 58 na 59, yaelezwa jinsi mmoja wao alivyokuwa akipewa habari ya kuzaliwa binti, uso ukamsawijika, akawa ajificha na watu, ajiuliza amweke kwa unyonge au amfukie mchangani. Hebu tazama: ajificha na nani? Na watu. Ugonjwa wenyewe ndio huo, kuwaogopa watu. Na katika Surat At-Takwir, aya ya 8 na 9, twaambiwa kuwa siku ya Kiyama yule mtoto aliyezikwa hai ataulizwa ni kosa gani aliloulia. Wanavyuoni wa tafsiri wamesema kwamba kuulizwa yeye ni kumfedhehesha aliyemuua, kana kwamba muuaji hastahiki hata kusemezwa.

MWEZI MZIMA WA UVUMI

Ndugu msomaji, mtihani mkubwa zaidi ulikuja Madina, nyumbani kwa Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Ni kile kisa cha Ifki, ambacho wengi wetu twakijua kwa jina tu.

Jeshi lilikuwa likirudi kutoka safari ya Bani Mustaliq. Bibi Aisha (R.A.) alitoka kwenda haja, akarudi, akagundua kidani chake cha shanga kimekatika. Akarudi kukitafuta. Wanaume waliokuwa wakibeba kiti chake cha juu ya ngamia wakakiinua wakidhani yumo ndani, kwani alikuwa binti mwepesi. Aliporejea akakuta msafara umekwenda. Akakaa palepale, akalala usingizi. Safwan bin Mu'attal, aliyekuwa nyuma ya jeshi, akampata, akampigisha ngamia magoti, akampandisha, naye akaenda kwa miguu akiongoza mpaka wakalikuta jeshi mchana kweupe.

Basi! Hakuna zaidi ya hapo. Lakini mnafiki Abdullahi bin Ubayy akalidaka neno, akalipa mbawa. Kwa muda wa mwezi mmoja Madina ikawa haina mazungumzo mengine. Bibi Aisha alikuwa mgonjwa nyumbani, hajui lolote. Siku alipoambiwa, alilia mpaka akadhani ini lake litapasuka.

Sasa simama hapo ujiulize. Mume alikuwepo, tena ndiye kiongozi wa mji. Baba alikuwepo, naye ni Abubakar (R.A.). Ikiwa kuna familia duniani ambayo jina lake lilikuwa na thamani, ni hii. Je, kuna aliyeinua mkono? Hakuna. Mtume (S.A.W.) aliuliza. Alimwita Barira, mtumishi wa nyumbani, akamuuliza kama amewahi kuona jambo la shaka. Barira akaeleza kuwa hajaona aibu yoyote, ila bibi huyu ni mtoto, hupitiwa na usingizi akauacha unga aliokanda ukaliwa na mbuzi. Bibi Zainab bint Jahsh, mke mwenza, aliyekuwa na kila sababu ya kufurahi, aliulizwa akasema hajui ila kheri. Abu Ayyub Al-Ansari naye alizungumza na mkewe nyumbani kwake, akamuuliza kama yeye angeweza kulifanya jambo lile. Mke akasema hapana. Akamwambia basi Aisha ni bora kuliko wewe. Uvumi ukafia mlangoni mwao.

Kisha zikashuka aya za Surat An-Nur, kuanzia aya ya 11, zikamtakasa Bibi Aisha. Na ni nani aliyeadhibiwa? Ni ndimi. Imepokewa kwamba walioueneza uvumi walipigwa mijeledi. Aya ya 4 ya sura hiyo yasema anayemsingizia mwanamke mtwaharifu bila kuleta mashahidi wanne apigwe mijeledi themanini, na ushahidi wake usikubaliwe tena. Yaani sheria ilikuja kumkamata msemaji, si msemwa.

Sisi Waswahili tuna methali yetu: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Twaitamka kama vile ni ushahidi wa mahakamani. Lakini kisa cha Ifki chatuambia kinyume chake. Lilisemwa mwezi mzima, halikuwepo wala halikuja.

NA MTU AKIJIONEA KWA MACHO YAKE?

Utasema, sawa, huo ulikuwa uvumi. Je, mume akimkuta mkewe na mwanamume chumbani? Swali hili si jipya. Maswahaba waliliuliza. Sa'd bin Ubada alikuwa mtu wa ghera kali, akauliza kama kweli atangoja mpaka alete mashahidi wanne. Mtume (S.A.W.) alimwambia ndiyo. Hakusema ghera ni kitu kibaya. Alisema kuwa yeye ana ghera kumshinda Sa'd, na Mwenyezi Mungu ana ghera kuwashinda wote. Lakini ghera ikibaki moyoni ni ghera, na ikishika upanga ni uuaji.

Hilal bin Umayya alipokuja kumshtaki mkewe, aliambiwa alete ushahidi la sivyo mgongo wake utaadhibiwa. Hapo zikashuka aya za li'ani, aya ya 6 hadi ya 9. Mume ataapa mara nne na ya tano ajilaani akiwa mwongo. Mke naye ataapa mara nne na ya tano ajitakie ghadhabu ya Mola ikiwa mume ni mkweli. Kisha waachane, kila mtu ashike njia yake. Neno la mwanamke limewekwa mizani moja na la mumewe, na likaizuia adhabu isimfikie. Hakuna damu. Huo ndio mlango uliofungwa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita.

MLANGO ULIFUNGULIWA NA NANI?

Hapa ndipo historia yashangaza. Mwaka 1810, zama za Napoleon, Ufaransa ilitunga kanuni zake za jinai. Kifungu cha 324 kilimpa udhuru mume aliyemuua mkewe pamoja na mwanamume akiwafumania nyumbani mwake. Kitabu hicho cha sheria kiliigwa mbali. Dola ya Uthmaniya ilipotunga kanuni zake za jinai mwaka 1858, ilichukua mengi kutoka kwa Wafaransa, na udhuru huo ukaingia humo. Baadaye ukaonekana katika sheria za Lebanon, za Syria mwaka 1949 na za Jordan mwaka 1960, kifungu cha 340, tena hapo haukuwa wa mume peke yake.

Ufaransa wenyewe walikifuta kifungu chao mwaka 1975. Lebanon walifuta chao mwaka 2011, na Syria wakamaliza mwaka 2020. Kule Jordan mwandishi wa habari Rana Husseini aliandika mwaka 1994 juu ya binti wa miaka 16 aliyeuawa na kaka yake baada ya kubakwa na kaka mwingine. Tangu hapo hakunyamaza. Mwezi wa Februari mwaka 2000 maelfu ya watu waliandamana mjini Amman, wana wa mfalme wakiwa mbele, kutaka kifungu kile kiondolewe. Bunge lilikataa. Baadhi ya wabunge walisema ati hiyo ni njama ya Wazungu ya kuharibu maadili yetu. Wallahi ni ajabu! Kifungu kimetoka Paris, na anayetaka kukiondoa ndiye anayeitwa kibaraka wa Wazungu.

Wala sisi watu wa himaya ya Mwingereza tusicheke. Mahakama za Uingereza, tangu kesi ya Manning mwaka 1671, zilimhesabu mume aliyemuua aliyemfumania na mkewe kuwa na kosa dogo kuliko uuaji kamili, kwa kuwa "amechokozwa". Fikra hiyo ya kuchokozwa Waingereza waliipeleka India, na ikaletwa hapa Kenya.

BABA WA ALCAMO

Tusitoke Ulaya kwanza. Italia ilikuwa na kifungu cha 587 katika sheria zake za mwaka 1930: anayemuua mke, binti au dada yake kwa hasira ya heshima, kifungo chake ni miaka 3 hadi 7 tu. Kifungu kingine, cha 544, kilisema mbakaji akimuoa aliyembaka, kesi imekwisha.

Mwishoni mwa mwaka 1965, katika mji wa Alcamo kisiwani Sicily, binti wa miaka 17 aitwaye Franca Viola alitekwa na kijana aliyewahi kuwa mchumba wake, akafungiwa siku kadhaa na kubakwa. Mji mzima ulijua kitakachofuata: ataolewa na mbakaji wake "ili heshima irudi". Franca akasema hapana. Na baba yake, mkulima Bernardo Viola, akasimama upande wa binti yake. Walitishwa, na shamba lao la mizabibu likachomwa moto. Baba hakurudi nyuma. Mwaka 1966 yule kijana alihukumiwa kifungo cha miaka 11. Mwaka 1981 Italia ikavifuta vifungu vyote viwili.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, hawa walikuwa Wakatoliki, kwa hivyo mauaji ya heshima si mali ya dini moja. Pili, kilichobadilisha nchi nzima kilianzia kwa baba mmoja aliyekataa kuwaogopa watu.

TUSIJIFICHE NYUMA YA WAZUNGU

Hata hivyo tuseme kweli, manake huu ni mwezi wa kweli. Si kila lawama twaweza kumtupia Mfaransa. Pakistan mwaka 1990 ilileta sheria ya kisasi na diya, ambayo yawapa jamaa wa aliyeuawa haki ya kusamehe. Msamaha ni jambo jema. Lakini katika mauaji ya heshima, muuaji ni kaka na msamehaji ni baba, na pengine walikaa meza moja wakapanga. Rehema ikageuzwa kuwa kichaka cha kujifichia.

Mwezi wa Julai mwaka 2016 Qandeel Baloch, aliyejulikana sana kwenye mitandao, alinyongwa na kaka yake nyumbani kwa wazazi wao huko Multan. Kaka alisema mbele ya waandishi kuwa hajuti. Oktoba mwaka huo bunge likabadilisha sheria: hata jamaa wakisamehe, muuaji wa heshima afungwe maisha. Yule kaka alihukumiwa maisha mwaka 2019. Lakini Februari mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikamwachilia, na wazazi walikuwa wameshamsamehe. Hapo twajifunza kuwa sheria peke yake haitoshi ikiwa nyumbani bado watu wamwona muuaji kuwa shujaa.

Nasi katika fiqhi tuna mambo ya kuyaangalia upya. Wanavyuoni walio wengi wamesema baba hauawi kwa kisasi akimuua mwanawe, ingawa Imam Malik alimtoa hapo baba aliyekusudia kuua waziwazi. Lakini kutouawa si kuachiliwa huru. Hakimu ana haki ya kumtia adabu kali. Na fiqhi hiyo hiyo yasema muuaji hamrithi aliyemuua. Ikiwa hawezi kurithi hata bangili ya dada yake, vipi arithi uhuru wake kutoka mikononi mwa familia ileile?

NA SISI HAPA NYUMBANI?

Utasema, Alhamdulillahi, kwetu hakuna hayo. Polepole, ndugu yangu. Huenda hatuchinji, lakini mzizi twaumwagilia maji. Kule kaskazini mashariki mwa nchi yetu, binti akibakwa, mara nyingi wazee hukaa wakafanya maslaha: familia yalipwa ngamia au pesa, mambo yakaisha. Je, binti aliulizwa? Mara nyingine aozwe aliyemharibu. Hiki si kile kifungu cha 544 cha Italia kimevaa kikoi? Nasi wa Pwani tusijitoe. Ni mara ngapi binti amepigwa, na mama akaambiwa "nyamaza, tutachekwa na watu"? Tangu mwaka 2006 tuna Sheria ya Makosa ya Kijinsia. Ubakaji ni kesi ya serikali, si bei ya ngamia.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuuzuie ulimi. Mauaji haya hayaanzii kwenye kisu, huanzia barazani. Mtu asema, "Nimemwona binti wa fulani mahali", mwingine aongeza chumvi, wa tatu amkejeli kaka yake: "We ni mwanamume kweli?" Mpaka kisu kinyanyuke, kijiji kizima kimeshakinoa. Fanya kama Abu Ayyub, uvumi ufie mlangoni mwako. Na siku hizi mlango huo ni simu yako pia. Picha ya binti wa watu ikikufikia, usiisukume mbele.

Pili, baba na kaka wajue kazi yao. Ulinzi wa mwanamume ni kumlinda dada yake asidhuriwe, si kumdhuru yeye ili kulinda jina. Abubakar (R.A.) alisikia binti yake akitukanwa mji mzima, na alichofanya ni kulia naye.

Tatu, anayekuja kuomba msaada asikilizwe. London, mwaka 2006, binti wa Kikurdi wa miaka 20 aliuawa kwa amri ya baba na ami yake. Kabla ya hapo alikwenda polisi mara kadhaa, akawapa hata majina ya watakaomuua. Siku alipowatoroka akiwa na damu, afisa mmoja alimwona kuwa mlevi anayetafuta kuangaliwa. Basi mwalimu wa madrasa, mama wa jirani, polisi, imamu, yeyote atakayefikiwa na binti asemaye "nahofia nyumbani", asimrudishe nyumbani kwa kumwambia avumilie. Ampatie pa kujisitiri kwanza, maswali baadaye.

Nne, maimamu walitaje jambo hili mimbarini kwa jina lake. Twasikia khutba nyingi juu ya mavazi ya mabinti. Ni lini uliposikia khutba juu ya kaka anayempiga dada yake? Na aliyeua kwa jina la heshima asipokewe kama shujaa.

Ndugu msomaji, sote tumefunga. Tumeacha maji na chakula ambavyo ni halali. Itakuwaje tufungue kwa nyama ya binti wa mwenzetu, tukiitafuna barazani baada ya tarawehe? Siku ile mtoto aliyezikwa atakapoulizwa, tusiwe miongoni mwa waliolikoroga neno lililomzika.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, azihifadhi ndimi zetu na awalinde mabinti zetu. Amin. Ramadhan Kareem.